Kipepeo wa Kurasa Mbili

Mwaka huu, masika ilipokuwa ikikaribia, mtu aliyeingia jikoni kwa Bi Mwanakheir, pale Sokomuhogo, Mji Mkongwe, akaona kawa la chakula limefunikwa mezani, alikuwa amekosea kama alikwenda kunawa mikono. Chini ya kawa lile hamkuwa na wali wala samaki. Mlikuwa na chungu kidogo cha majani mabichi, kipande cha ndizi iliyoiva ikapitiliza, na kipepeo mmoja wa rangi ya jani kavu, aliyekunja mbawa zake asitake kuonana na mtu.

"Mama, na chakula je?" aliuliza Mayasa, bintiye, aliyerudi kutoka kusomesha skuli na njaa yake ya saa nane.

"Kimo sufuriani. Sufuria ina kifuniko chake."

Hivyo ndivyo alivyo Bi Mwanakheir. Ana miaka sabini na mine, mguu mmoja mzito, macho mazima, na ulimi mzima kuliko macho. Kwa miaka hamsini alishona kofia za viua, akitoboa na kuzungushia uzi tundu moja moja, na aliyezoea kuhesabu vitundu hivyo hapitwi na doa hata likiwa juu ya ubawa unaopepea. Watu wa mtaani wanamjua kwa kofia. Kwa vipepeo wanamjua wachache, na wengi katika hao wachache wameshatangulia mbele ya haki.

Mambo ya vipepeo yaliingia nyumbani mwake na mume. Muhiddin alikuwa bwana shamba, kazi yake kuzunguka na pikipiki kutoka Mangapwani mpaka Bwejuu kuwaambia watu nini kinawala miti yao. Siku moja alirudi na tawi la mdimu lenye viwavi vinavyofanana na kinyesi cha ndege. Serikali ilimtaka aviue. Yeye akavitia ndani ya chupa, akavilisha majani, akamwonyesha mkewe jinsi kiwavi kikiguswa kinavyotoa pembe mbili nyekundu na harufu mbaya. Wiki chache baadaye chupa ile ikatoa vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya manjano, wakatoka dirishani wakapita juu ya mabati ya jirani. Bi Mwanakheir, wakati ule msichana wa miaka ishirini na kitu, alisimama na sindano mkononi mpaka uji ukaungua.

Tangu hapo mwaka wake ukawa na alama nyingine. Vuli ilikuwa ya vipepeo weupe na wa manjano, wadogo, wanaoruka kwa makundi juu ya kuta kama wanaokwenda harusini. Kaskazi ilikuwa ya wale wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi. Masika ilikuwa ya kila mtu, maana majani yakichipua hakuna asiyekuja kula. Kipupwe kilikuwa kibaya. Upepo wa baridi uliwafukuza, na kilichobaki ni kukaa na Muhiddin barazani kusoma daftari la mwaka mzima, huku wakibishana kama walikiona kweli walichoandika.

Akaja Riyama.

Tuseme ukweli, Muhiddin alioa mke wa pili huko huko Mangapwani alikokuwa akizunguka, na Bi Mwanakheir hakufurahi. Alinuna miezi mitatu. Lakini Muhiddin alikuwa mcha Mungu wa aina inayochosha: siku mbili mjini, siku mbili shamba, hazipungui wala hazizidi. Akinunua doti ya kanga hapa, hununua na kule. Akipeleka kilo mbili za sukari kule, huleta kilo mbili hapa, hata kama hapa sukari imejaa. Ilibidi, basi, na vipepeo wagawiwe. Daftari likapigwa mstari: kurasa za kulia za bi mkubwa, kurasa za kushoto za bi mdogo. Kipepeo mpya akionekana katika zamu ya Mangapwani ni wa Riyama, naye ndiye wa kumpa jina. Akionekana katika zamu ya mjini ni wa Mwanakheir.

Na majina! Kwa kuwa kwa Kiswahili kipepeo ni kipepeo tu, awe wa chungwa au wa buluu, wanawake wale wawili waliwapa majina kama wanavyopewa majina kanga, yaani mafumbo ya kutupiana. Bi Mwanakheir alianza kwa kumwita mmoja Umekuja Umenikuta. Daftari likaenda Mangapwani ndani ya mkoba wa pikipiki, likarudi na mwingine aitwaye Wa Mwisho Hula Mtamu. Bi Mwanakheir alitupa sindano. Kisha akacheka, peke yake, mpaka machozi yakamtoka. Tangu siku ile, japo hajapata kumwambia mtu, alikuwa akisubiri daftari lirudi kuliko alivyokuwa akimsubiri mume.

Walifundishana hivyo, kwa kutukanana. Bi Mwanakheir ndiye aliyegundua kwamba kipepeo wa chungwa ni wawili waliovaa sare: mmoja ana madoa meusi matatu au manne katikati ya ubawa wa nyuma, na mwingine, mwigaji, ana moja tu ukingoni. Muhiddin alikuwa amewaandika pamoja miaka mitatu. Akafuta, akaandika upya, akamsifu mkewe kwa watu. Riyama naye hakulala mpaka alipopata wake wa kulingana naye. Mwishowe kila bibi akawa na ishirini na sita, na Muhiddin akaridhika kama mtu aliyemaliza kujenga msikiti.

Katika hao ishirini na sita wa Bi Mwanakheir, kipenzi chake alikuwa mmoja mkubwa wa kahawia aliyemwona masika moja uani kwake, akinyonya embe bovu magharibi ikikaribia. Chini ya mbawa alikuwa na macho, macho kweli, duara ndani ya duara, na nukta nyeupe katikati. Akamwita Mwenye Macho Haambiwi Tazama. Kiangazi kilichofuata, Riyama akaandika wake: kahawia, hana doa wala jicho, ukimtazama amekunja mbawa huwezi kumtofautisha na jani la mwembe lililoanguka. Akamwita Nimeridhika Sina Makuu.

"Wangu ana macho," Bi Mwanakheir alimtuma Muhiddin ujumbe. "Wake mwambie amchanganye na taka afagie."

Muhiddin alifikisha ujumbe, kama kawaida yake, na miaka ikapita.

Muhiddin alikufa miaka sita iliyopita. Kila mjane alikaa eda nyumbani kwake. Mwaka ulipotimia, hitma ikasomwa Sokomuhogo, na Riyama akaja na nazi na kuku wake kusaidia kupika. Katikati ya kukuna nazi, wanawake wamejaa ua mzima, akalitaja daftari. Akasema taratibu, bila ya kuinua macho kutoka kwenye mbuzi:

"Bi Mkubwa, yule wako wa macho na huyu wangu mkavu ni mmoja. Masika huvaa macho, kiangazi huyavua."

Bi Mwanakheir alikuwa na huzuni siku ile, na huzuni yake siku zote hutokea mdomoni. "Riyama," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "shamba hutoka nazi na muhogo. Ilimu bado haijatoka."

Wanawake walicheka. Riyama alimaliza nazi aliyoianza, akanawa, akavaa buibui, akaondoka kabla pilau haijapakuliwa. Hakurudi tena Sokomuhogo. Hakupiga simu Idi, wala Bi Mwanakheir hakupiga. Miaka mitano.

Sasa mtafahamu kwa nini mwisho wa kiangazi hiki, kipepeo mkavu alipojiingiza jikoni akifuata ndizi zilizolainika, Bi Mwanakheir alimfunika kawa badala ya kumfukuza. Ilikuwa imemkera miaka mitano. Alijua Muhiddin alivyokuwa akifanya: mpe jike majani mabichi, mpe kitu cha kunyonya, atataga. Na alitaga. Siku ya tatu, chini ya jani, palikuwa na mayai manane, meupe, ya mviringo, madogo kuliko punje ya mtama. Akamwachia mama yao aende zake.

Viwavi vilipotoka, kijani kitupu na vipembe viwili kichwani, akaviwekea kipande cha chandarua kikuukuu, na chungu akakisimamisha ndani ya bakuli la maji, maana sisimizi wa Mji Mkongwe hawana adabu. Ndipo Mayasa alipokuja na habari.

"Mama mdogo anakwenda Maskati. Yusra kamletea tiketi."

Yusra ni binti wa Riyama, ameolewa huko. "Kutembea?" aliuliza Bi Mwanakheir.

"Kukaa. Nyumba ya Mangapwani washaipangisha. Anaondoka Alkhamisi ya mwisho ya mwezi. Mama, hebu nenda mkaagane. Umri huu mtaonana tena wapi?"

Bi Mwanakheir alimwagia maji chungu chake. "Nitakwendaje? Nami sijajua kama nakwenda kusamehe au kusamehewa."

Mayasa akaona mama yake hatanii.

Basi ikawa mashindano ya kiwavi na ndege ya Maskati. Mjusi alikula viwili kabla chandarua hakijashonwa vizuri. Kimoja kilianguka majini. Viwili vilikauka tu, bila ya kusema kwa nini. Vitatu vikanenepa, vikajining'iniza chini ya majani vichwa chini, vikageuka vifuko vya kijani, na Bi Mwanakheir akawa anasali Alfajiri, kisha anakwenda kuvitazama kabla ya kuweka chai. Kila asubuhi alijiambia kuwa akitoka mkavu atampelekea Riyama salamu kwa simu tu, na yatakuwa yamekwisha. Na kila asubuhi, chini ya maneno hayo, palikuwa na jambo jingine alilolijua vizuri: Riyama akiondoka, hapa duniani hatabaki hata mtu mmoja wa kumwambia nimemwona Umekuja Umenikuta, naye akajua anazungumzia nini.

Jumapili, siku nne kabla ya safari, kifuko cha kwanza kikapasuka. Mvua ilikuwa ikinyesha, na mlango wa uani ulikuwa wazi. Kipepeo akatoka amejikunyata, mbawa zimelowa, akapanda juu ya jani akaanza kuzinyoosha. Bi Mwanakheir alivaa miwani. Hakuihitaji, lakini alivaa. Mbawa zikafunguka polepole, zikafunga, na upande wa chini yakatokea macho: duara ndani ya duara, nukta nyeupe katikati. Akayahesabu mara mbili. Mama mkavu kabisa, na mtoto ana macho.

Alikaa kwenye kibao cha mbuzi. Alifedheheka, na aibu ile haikuwa ya leo. Ilikuwa ya miaka mitano, imekuja yote kwa mpigo. Alikumbuka Riyama alivyomalizia ile nazi. Mtu aliyetukanwa mbele za watu, akakuna mpaka ndani ya kifuu, asije akaambiwa ameacha kazi ya hitma.

Jumatatu asubuhi, Mayasa akiwa skuli, Bi Mwanakheir alimwita Msabah, jirani mwenye teksi. Alikaa mbele, daftari kwenye mkoba, sinia juu ya mapaja, na juu ya sinia, kawa. Msabah alinusa mara moja, akaona haya kuuliza.

Mangapwani mvua ilikuwa imepumzika. Nje ya nyumba palikuwa na makabati, vitanda vilivyofunguliwa na masanduku mawili makubwa. Riyama alitoka kwa kusikia gari, amejitanda kanga, amekonda kuliko Bi Mwanakheir alivyomweka moyoni. Riyama akashuka ngazi akamshika mkono, akaubusu.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba."

"Na chakula umeniletea? Umejisumbua na mguu wako huo." Akalipokea sinia, akaliweka barazani, na kama mwanamke yeyote aliyeletewa sinia, akafunua.

Kipepeo aliruka usoni pake. Riyama alipiga ukelele, akacheka, na kipepeo akatua kwenye ukuta wa udongo, akafunga mbawa. Macho yote yakaonekana. Riyama akaacha kucheka.

Bi Mwanakheir alikuwa amejitayarishia maneno njia nzima tangu Bububu. Yalimpotea. "Mama yake mkavu," alisema. "Nimemtotoa mwenyewe. Riyama, ulisema kweli. Mie nlisema upuuzi, na nlikutukana mbele za watu siku ya hitma ya mume wetu. Nimekuja unisamehe, na usiponisamehe haki yako."

"Nshakusamehe zamani, Bi Mkubwa. Kaa kitako."

Alikaa. Riyama akaleta chai na mkate wa kumimina, wakanywa, na kwa muda ilionekana jambo limekwisha. Lakini Bi Mwanakheir ni mtu wa kuhesabu, na hesabu moja ilikuwa haijakaa.

"Wewe ulijuaje? Uliwatotoa?"

"Nliona tu."

"Huwezi kuona tu. Mimi nimetazama miaka thelathini sikuona."

Riyama alizungusha kikombe. "Yamepita, Bi Mkubwa."

"Riyama."

"Muhiddin ndiye aliyewatotoa," Riyama alisema hatimaye. "Hapa jikoni, ndani ya chupa. Yusra alikuwa bado mdogo. Tulikaa tukaona macho yanafunguka kama ulivyoona wewe. Nkamwambia, haya, fungua daftari ufute mmoja. Akanyamaza siku nzima. Kisha akanambia: 'Nikimfuta wa Mwanakheir, Mwanakheir kapungukiwa. Nikimfuta wako, wewe umepungukiwa. Na mie nitasimamishwa mbele ya Mungu niulizwe nlivyokugawieni. Tulisitiri jambo hili, Riyama.' Nkamwapia. Nkakaa nalo mpaka alipokufa. Siku ile ya hitma nkaona, basi, hakuna tena wa kuulizwa. Likanitoka."

Bi Mwanakheir aliweka kikombe chini. Kitu cha kwanza alichokihisi, na hana haja ya kuficha kwa kuwa sisi sote ni watu, kilikuwa wivu. Wivu wa zamani, mbichi, kama wa ile miezi mitatu ya kununa. Muhiddin alijua. Alikaa naye barazani kipupwe hata kipupwe wakisoma ukurasa ule, akimsikia anavyojisifia macho yake, naye akiitika naam, naam. Na siri ile alikuwa ameiacha huku, kwa mwingine.

"Mbona nlipokutukana hukusema?" aliuliza, na sauti yake haikuwa nzuri. "Ungesema neno moja tu: Muhiddin alijua. Wale wanawake wote wangenicheka mimi."

"Ndiyo maana sikusema. Ungejua kuwa kanambia mie, hakukwambia weye. Siku ya hitma yake."

"Na miaka yote kabla yake? Alipokuwa hai? Ungeninyamazisha siku moja tu, na mimi nilivyokuwa nikikukejeli kwa hilo jani lako."

Riyama alijifuta mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na kitu. "Bi Mkubwa, mie nlikuja nkachukua nusu ya mume wako. Hukunifanyia ubaya wowote, nkaja tu nkachukua. Nliona haya nikuchukulie na kipepeo."

Bi Mwanakheir alijifunika uso kwa mikono. Akalia. Hakulia hivi siku ya maziko ya Muhiddin, siku ile alikuwa na watu wa kuwapokea na uji wa kuupika. Riyama hakumwambia anyamaze. Alisogea akakaa karibu naye kwenye jamvi, bega kwa bega, wakawatazama kuku wakiparura chini ya vitanda vilivyofunguliwa.

Msabah alipiga honi kidogo, kwa heshima. Bi Mwanakheir alijipangusa uso kwa ncha ya buibui, akamwashiria aende zake.

"Mwambie Mayasa asinipikie," alimwambia. "Mpaka Alkhamisi."

Riyama akaingiza ndani kitanda kimoja akaanza kukifunga tena, na Bi Mwanakheir akamshikia mbao. Walikuwa wake wenza kwa miaka thelathini na minane, na usiku wa siku ile ndio uliokuwa wa kwanza kulala nyumba moja.